Kutoka mdhamini hadi wadhamini: Baraza lisilo na matangazo hulipiwa na nani?

Neno "mdhamini" lina kazi mbili katika Kiswahili cha leo. Ukifungua redio utaambiwa kwamba kipindi unachokisikiliza kimedhaminiwa na kampuni fulani ya sabuni au ya unga wa ugali. Kampuni hiyo imetoa fedha zake ili jina lake litajwe kabla ya kipindi na baada yake. Ukienda kwenye shule, kanisa, msikiti au chama cha kijamii utakuta bodi ya wadhamini. Hawa wamekabidhiwa mali isiyo yao waitunze kwa niaba ya wenyewe. Mdhamini wa kwanza anatoa chake na anangoja faida. Mdhamini wa pili hana chake pale. Ameshika cha watu.

Wanafunzi wa tafsiri huniambia kwamba huu ni udhaifu wa lugha, eti neno moja halifai kubeba watu wawili wasiofanana. Mimi sioni hivyo. Neno hili limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kuchukua dhamana, na swali la dhamana ni lile lile katika hali zote mbili: huyu aliyesimama nyuma ya shughuli hii anawajibika kwa nani?

Katika makala haya ninanuia kulifuata swali hilo katika historia ya baraza moja la mtandaoni ambalo wengi wa wasomaji wa safu hii wamewahi kulitembelea, yaani Wikipedia. Ninaiita baraza makusudi. Nyuma ya kila makala yake kuna ukurasa wa majadiliano, ambako watu wasiojuana hubishana kuhusu tarehe, tahajia, mipaka ya nchi na vita vya juzi, kabla ya kukubaliana waandike nini. Ni miongoni mwa mabaraza makubwa zaidi duniani, na halina tangazo hata moja la biashara. Limewezaje? Na jambo hilo linakihusu vipi Kiswahili?

Wachuuzi walipoingia barazani

Kwa watu wa Pwani, baraza ni mahali pa kukalia palipojengwa kwa mawe na chokaa nje ya mlango wa nyumba. Mwenye nyumba ndiye aliyegharimia ujenzi. Majirani na wapita njia huketi wakazungumza, na hakuna anayetozwa senti. Mabaraza ya mwanzo ya kompyuta yalikuwa na tabia hiyo. Usenet, iliyobuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis wakiwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ilisafirisha mijadala kwa kompyuta kupigiana simu. Bili za simu zilibebwa na vyuo vikuu na maabara za utafiti. Mtandao wa NSFNET, uliokuja baadaye kwa fedha za serikali ya Marekani, ulikuwa na masharti yaliyokataza matumizi ya kibiashara. Washiriki wengi hawakujiuliza nani analipa, maana mlipaji hakuonekana na wala hakudai kitu.

Mnamo Aprili 12, 1994 mambo yalichafuka. Wanasheria wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walimwaga tangazo moja katika maelfu ya vikundi vya Usenet kwa mpigo. Walikuwa wakiuza huduma ya kuwasaidia watu kuingia katika bahati nasibu ya Green Card, ile ile ambayo Wakenya wengi wamewahi kuijaribu. Iwe kikundi kinazungumzia hisabati, iwe kinazungumzia bustani, tangazo lilikuwa hilo hilo. Watu walighadhibika. Waliwaandikia wanasheria hao majibu mengi kiasi kwamba mitambo ya kampuni iliyokuwa ikiwapa huduma ya intaneti ililemewa, na kampuni ikawafungia. Wawili hao hawakujuta hata kidogo. Walikwenda mbali hadi kuandika kitabu cha kuwafundisha wengine namna ya kutajirika kwa njia hiyo.

Mwaka uliofuata, 1995, NSFNET ilifungwa na njia kuu za intaneti zikaachiwa kampuni za kibinafsi. Kuanzia hapo, aliyetaka kufungua baraza alikuwa na njia chache za kujikimu. Angeweza kuwatoza ada wanaoingia, kuuza matangazo, kutafuta tajiri wa kumbeba, au kupitisha bakuli. Wengi walichagua matangazo. Mkono mtupu haulambwi, bwana.

Wahispania wafungasha virago

Wikipedia nayo ilizaliwa nyumbani kwa mwenye matangazo. Jimmy Wales alikuwa mmoja wa wamiliki wa Bomis, kampuni iliyopata riziki yake kwa kuuza matangazo mtandaoni. Mwaka 2000 Bomis ilimwajiri Larry Sanger, msomi wa falsafa, aongoze ensaiklopidia ya wataalamu iliyoitwa Nupedia. Kazi ilienda kwa mwendo wa kobe, kwani kila makala yalitakiwa kupita hatua saba za uhakiki. Januari 15, 2001, ikaanzishwa Wikipedia kama uwanja wa kando ambao mtu yeyote angeweza kuandika na kusahihisha. Ilitumia mbinu ya wiki, iliyobuniwa na Ward Cunningham mwaka 1995. Neno hilo ni la Kihawaii na lina maana ya haraka; halihusiani na wiki yetu ya siku saba.

Bomis ililipia seva. Bomis ilimlipa Sanger mshahara. Kwa hiyo Wikipedia ilikuwa na mdhamini wa aina ya kwanza, yule wa redioni, ingawa alikuwa bado hajadai jina lake litajwe. Kisha biashara za mtandaoni zikaporomoka. Bomis ikaanza kubana matumizi, na mwanzoni mwa 2002 mshahara wa Sanger ukakatika. Februari mwaka huo, akijadiliana na wahariri wenzake, Sanger aliandika kwamba huenda Bomis ingeanza kuuza matangazo katika Wikipedia baada ya miezi michache.

Kwa mfanyabiashara, hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Lakini wahariri wa toleo la Kihispania waliliona kwa jicho jingine. Walikuwa wameandika usiku na mchana bila malipo, na sasa walihisi jasho lao lingegeuzwa faida ya kampuni ya watu wengine. Walikuwa na madukuduku mengine pia. Walitaka anwani ya mradi iishie kwa .org, inayohusishwa na mashirika yasiyo ya faida, na si .com ya wafanyabiashara. Hawakupenda pia toleo lao lichukuliwe kuwa tafsiri tu ya lile la Kiingereza. Hebu zingatia hoja hii ya mwisho, maana ni hoja ya lugha: nani ana haki ya kuamua maarifa gani yaandikwe kwa Kihispania na kwa mpangilio upi?

Februari 26, 2002, walihama. Walifungua Enciclopedia Libre Universal en Español, ikahifadhiwa katika mitambo ya Chuo Kikuu cha Seville, Uhispania. Wengi wa wahariri wa Kihispania wakaenda huko, na toleo la Kihispania la Wikipedia likadumaa kwa zaidi ya mwaka mzima.

Hawakuondoka mikono mitupu. Maandishi ya Wikipedia yalikuwa chini ya leseni huria, iliyomruhusu mtu yeyote kuyanakili na kuyaendeleza mahali pengine mradi afuate masharti yake. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Katika mabaraza mengi ya mtandaoni tunayoyatumia leo, mshiriki akichukizwa anaweza kuondoka yeye, lakini maneno yake na ya wenzake yanabaki kwa mwenye nyumba. Wahispania waliweza kubeba baraza zima mgongoni. Mwenye nyumba anayejua kwamba wageni wake wanaweza kuhama na kuta zake hulazimika kuwasikiliza.

Matangazo hayakuwekwa. Agosti 2002 anwani ikabadilishwa kuwa ya .org. Juni 20, 2003, likaundwa shirika lisilo la faida, Wikimedia Foundation, huko Florida, na Bomis ikaacha kuwa mmiliki. Mwaka 2004 wahariri wa kujitolea walipiga kura wakawachagua Florence Devouard, Mfaransa, na Angela Beesley, Mwingereza, wawawakilishe katika bodi. Mdhamini mwenye kampuni akawa ameipisha bodi ya wadhamini. Sisemi kwamba Wahispania peke yao ndio walioyaleta mageuzi haya. Wazo la shirika lisilo la faida halikuanza nao. Ila kuhama kwao kulionyesha hasara ambayo ingefuata lau njia nyingine ingechaguliwa.

Haki inadai niseme pia lililowapata waliohama. Enciclopedia Libre iliongoza kwa muda, kisha Wikipedia ya Kihispania ikaamka na kuipita. Leo Wikipedia hiyo ina takriban makala milioni 2, ilhali wachache wanaikumbuka ile ya Seville. Kukataa matangazo ni uamuzi wa siku moja. Kuliendesha baraza baada ya hapo ni kazi ya kila siku inayotaka fedha, mitambo na watu.

Bakuli na kipaza sauti

Gharama haikutoweka kwa sababu matangazo yamekataliwa. Imehamia kwingine. Sehemu kubwa ya fedha za Wikimedia Foundation hutokana na michango midogo midogo ya wasomaji, na katika miaka ya karibuni mapato yake yamepita dola milioni 150 kwa mwaka. Mwaka 2016 lilianza kuweka akiba ya kudumu kwa lengo la kufikisha dola milioni 100 katika miaka 10, na lengo hilo likatimia mwaka 2021. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa hadi kufurika.

Sisi tuliokulia katika harambee tunajua tofauti kati ya michango ya wengi na mchango wa mmoja. Watu 1,000 wakitoa shilingi 100 kila mmoja, hakuna anayeweza kusimama akadai darasa lipewe jina lake. Akija mheshimiwa na bahasha ya shilingi 100,000, fedha ni zile zile, lakini kipaza sauti ni chake mchana kutwa. Wingi wa watoaji ndio unaoipa Wikipedia uhuru wake. Kampuni ya dawa haiwezi kutishia kuondoa tangazo lake kwa sababu makala fulani yametaja madhara ya dawa hiyo. Halina la kuondoa.

Hata hivyo, bakuli nalo lina dhambi zake. Kila mwaka wasomaji hukutana na mabango makubwa ya kuomba msaada, na baadhi yao hudhani ensaiklopidia imo hatarini kufungwa kesho. Mwishoni mwa 2022 wahariri wa toleo la Kiingereza walisema basi. Waliona maneno ya mabango yanapotosha kuhusu hali halisi ya fedha, wakayakataa kwa wingi, na shirika likalazimika kuyaandika upya. Kumbe hata kuomba kunahitaji kusimamiwa, maana anayeomba kwa kutia watu hofu anatumia mbinu za mchuuzi yule yule aliyefukuzwa.

Pili, wenye nguvu hawakuondoka mjini. Kampuni kubwa za teknolojia hutumia maandishi ya Wikipedia kujibu maswali ya watumiaji wao. Mwaka 2021 ilitangazwa huduma ya kulipia, Wikimedia Enterprise, inayoziuzia kampuni kama hizo njia ya haraka ya kuyafikia maandishi hayo, na Google ikawa miongoni mwa wateja wa kwanza. Wapo wanaosema ni haki mfaidi mkubwa alipe. Wapo wanaohofu kwamba mteja mkubwa hatimaye huwa mdhamini wa redioni. Mimi naona kampuni hizo zilipe, ila sehemu yao isiwe kubwa kiasi cha baraza kushindwa kuishi bila wao.

Kiswahili kingekula nini?

Sasa tuje kwetu. Toleo la Kiswahili la Wikipedia lilianza mwaka 2003, likajiita kamusi elezo huru. Leo lina zaidi ya makala 80,000. UNESCO hukadiria kwamba Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200. Ukilinganisha na lugha za Ulaya zenye wasemaji wachache mno kuliko hao, idadi yetu ya makala inatia haya. Hata hivyo mimi hujiuliza swali jingine: lau mwaka 2002 matangazo yangeshinda, tungekuwa na hata hayo?

Mwenye tangazo hanunui maneno. Ananunua macho ya mtu mwenye fedha mfukoni. Chukua makala ya Kiswahili kuhusu ugonjwa wa kala-azar. Msomaji wake anaweza kuwa muuguzi wa Baringo au mzazi wa Wajir. Ni kampuni gani ingegombania nafasi pembeni mwa ukurasa huo? Ukurasa wa Kiingereza kuhusu simu mpya au mikopo ya nyumba ungeingiza fedha kwa saa moja kuliko ukurasa huo kwa mwaka. Meneja wa matangazo, bila chuki yoyote dhidi ya Kiswahili, angeuliza kwa nini seva zinabeba lugha isiyolipa. Chini ya wadhamini wa aina ya pili, swali hilo halina nafasi. Fedha inayotolewa na msomaji wa Chicago au London hubeba makala ya Kiswahili sawa na inavyobeba ya Kiingereza.

Hata hivyo, fedha za wengine haziandiki Kiswahili. Tulijaribu njia ya mkato. Mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, Google iliendesha shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi za vifaa vya kisasa. Mamia ya makala yaliandikwa. Shindano lilipokwisha na zawadi kutolewa, waandishi wengi hawakurudi tena. Baadhi ya makala yalikuwa na sura ya tafsiri ya mashine, na wakongwe wachache waliobaki wakaachiwa kazi ya kufagia. Linganisha na wale Wahispania. Wao waliondoka kwa sababu walijiona wenye mali. Wetu waliondoka kwa sababu malipo yalikuwa yamekwisha.

Katika toleo la Kiswahili, mtu aliyepewa mamlaka ya kufuta upuuzi, kulinda kurasa na kuwazuia wavurugaji huitwa mkabidhi. Nalipenda neno hili. Lina undugu wa maana na mdhamini wa aina ya pili: mtu aliyekabidhiwa. Wakabidhi hawalipwi. Kwa muda mrefu mzigo huu umebebwa na watu ambao ungeweza kuwahesabu kwa vidole, baadhi yao wakiwa hata si wasemaji wazawa wa Kiswahili. Ndio wanaomwelekeza mgeni aliyeandika jina la kijiji chake bila chanzo, ndio wanaojadili kama tuseme akili unde au akili mnemba. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Na walaji wanaongezeka. Programu zinazoandika na kutafsiri kwa akili hiyo unde hujifunza lugha kutokana na maandishi yanayopatikana bure mtandaoni, na kwa Kiswahili maandishi hayo si mengi. Tukiijaza kamusi elezo yetu tafsiri mbovu za mashine, mashine zitajifunza ubovu huo na kutulisha tena. Mtoto wa shule ya Kitui au Kwale atausoma na kudhani ndicho Kiswahili.

Agosti 2025 mkutano wa kila mwaka wa wahariri wa Wikipedia duniani, Wikimania, ulifanyika hapa Nairobi. Wenye baraza walikuja hadi mlangoni petu. Kwa maoni yangu, jibu linalofaa kutoka kwetu si shindano jingine la zawadi. Idara zetu za Kiswahili huwataka wanafunzi waandike tasnifu na insha kila mwaka, na nyingi huishia kabatini zikiliwa na mende. Kwa nini mwanafunzi wa isimu asitakiwe kuandika makala mawili yenye vyanzo, ayatetee katika ukurasa wa majadiliano mbele ya wageni, na mhadhiri ampe alama kwa mjadala huo? Vyama vya Kiswahili navyo vinaweza kuchukua eneo moja moja, hiki washairi wa Pwani, kile istilahi za sayansi, na kulichunga mwaka baada ya mwaka.

Wachangiaji wa mbali wamekuwa wakitulipia seva kwa zaidi ya miaka 20, wala hawajatutumia bili. Lakini mla cha mwenziwe na chake huliwa. Chetu tunachoweza kutoa, ambacho hakuna Mmarekani wala Mjerumani anayeweza kukitoa kwa niaba yetu, ni Kiswahili chenyewe.